Kalavati la barabara ya kijiji limekatika na kila ofisi inasema si lake: dhamana ni ya nani?

Mwenyekiti_Korongoni aliandika:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu.

Mimi ni mwenyekiti wa kijiji katika mkoa wa Morogoro, nimechaguliwa katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024. Naomba maelekezo ya watu wanaozifahamu sheria na taratibu za barabara, kwa sababu jambo lililonifikia limenizidi kimo na wananchi wananitazama mimi.

Barabara inayotoka kijijini kwetu kwenda makao makuu ya kata, kisha kuungana na barabara kuu ya lami, inavuka korongo ambalo kiangazi huwa mchanga mtupu na masika hufurika kwa saa chache kwa nguvu ya kutisha. Hapo pana kalavati la mabomba ya zege lililojengwa miaka mingi iliyopita. Katika masika haya maji yamelila tuta la upande mmoja, mabomba mawili yameporomoka, na kilichobaki ni ukingo mwembamba ambao watu na pikipiki hupita kwa kubahatisha. Sekondari ya kata iko ng'ambo. Zahanati yetu haina huduma ya upasuaji, kwa hiyo mama mwenye uchungu pingamizi hana budi kuvushwa hapo, mchana au usiku. Wanunuzi wa mpunga wameacha kuleta Fuso, na wachache wanaokuja wanapunguza bei kwa hoja kwamba mzigo utabebwa kichwani hadi ng'ambo.

Nimekwenda ofisi zote nilizoelekezwa. Ya kwanza iliniambia kwamba barabara hazimo tena katika majukumu yake. Ya pili iliniambia kwamba barabara yetu haionekani katika orodha yake. Diwani ananieleza kuwa amelizungumza kikaoni, lakini sijaona karatasi yoyote inayoonyesha kilichoamuliwa.

Ninaomba kufahamishwa ni nani hasa mwenye dhamana ya barabara na kalavati la namna hii kisheria, na mimi na halmashauri yangu ya kijiji tuna wajibu na mamlaka ya kiasi gani. Je, ninaweza kuzuia magari yasipite? Aidha, wazee wamependekeza tukate magogo, tuyalaze juu ya pengo na kuyafunika kwa udongo. Vijana wako tayari. Nimewaomba wasubiri kwanza, ingawa sijui nitawazuia hadi lini.

---

Mhandisi_Mstaafu alijibu:

Ndugu Mwenyekiti, pole kwa mzigo huo, na umefanya jambo la maana kuwazuia vijana wasiweke magogo. Nitaeleza sababu baada ya kukueleza barabara ni ya nani, kwa kuwa mkanganyiko wote unaanzia hapo.

Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inazigawa barabara za umma Tanzania Bara katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni barabara za kitaifa, yaani barabara kuu na barabara za mikoa, ambazo ziko chini ya wizara yenye dhamana ya ujenzi na husimamiwa na TANROADS, yaani Wakala wa Barabara Tanzania. Fungu la pili ni barabara za wilaya, ambazo ni za mkusanyo, za mlisho na za jamii. Hizo za wilaya zilikuwa mikononi mwa halmashauri na wahandisi wake hadi mwaka 2017, ulipoanzishwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, chini ya Ofisi ya Rais, TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa). Kwa hiyo ofisi iliyokuambia kwamba barabara hazimo katika majukumu yake inaweza kuwa imesema kweli kuhusu ujenzi na matengenezo, lakini haikupaswa kuishia hapo, kwa sababu halmashauri ingali na wajibu wa kuwasemea wananchi wake.

Barabara inayounganisha kijiji na makao makuu ya kata kwa kawaida huwa ya mlisho, na pengine ya jamii. Kwa vyovyote vile ni barabara ya wilaya. Mtandao huo una zaidi ya kilomita 144,000 nchi nzima, na kumbukumbu zake zinatunzwa katika mfumo wa kompyuta uitwao DROMAS. Unapoambiwa kwamba barabara haionekani katika orodha, uliza maswali mawili kwa maandishi: je, haikuwahi kuingizwa kabisa, au imeingizwa kwa jina jingine? Nimeona mara nyingi barabara iliyosajiliwa kwa jina la vijiji vya mwanzo na mwisho wake, huku wananchi wakiiita kwa jina la mlima au la mzee maarufu. Nenda na mtendaji wa kijiji, mchukue alama za eneo kwa simu pale kwenye korongo, mwanzoni mwa barabara na mwishoni, kisha muombe ofisi itazame ramani badala ya kutafuta jina.

Ikiwa kweli haimo, tafadhali usikate tamaa. Fedha za Mfuko wa Barabara hupangwa kwa kufuata mtandao unaotambuliwa, kwa hiyo kuiingiza barabara ndiyo kazi ya kwanza, na hakuna njia ya mkato. Pia ielewe hali ya fedha zenyewe. Kwa muda mrefu mgawanyo wa Mfuko ulikuwa asilimia 70 kwa barabara kuu na za mikoa na asilimia 30 kwa za wilaya, ilhali za wilaya ndizo ndefu zaidi kwa mbali. Mwaka 2021 Bunge liliidhinisha nyongeza ya shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za TARURA, na kwa kweli nyongeza hiyo ilileta nafuu inayoonekana katika wilaya nyingi, ingawa mahitaji bado yanazidi uwezo. Meneja wa wilaya anapokuambia hana fedha mwaka huu, mara nyingi hasemi uongo. Kosa huwa ni pale asipokwenda kuliona eneo, asipoandika makadirio, na asipoliombea fedha mwaka unaofuata.

Sasa kuhusu kalavati lenyewe. Kwa maelezo yako, maji hayakulivunja kutoka juu. Yalishindwa kupita ndani ya mabomba, yakazunguka pembeni na kulila tuta. Hutokea hivyo kwa sababu moja kati ya tatu, au zote pamoja: mabomba ni membamba kuliko mafuriko ya korongo, mdomo wake umezibwa na matawi na mchanga, au hapakujengwa kuta za mabawa za kutosha kuyaelekeza maji ndani. Kuna na jambo jingine ambalo ningependa ulichunguze mwenyewe: je, upande wa chini wa kalavati pana watu wanaochimba mchanga wa kujengea? Sakafu ya korongo ikishuka, maji yanayotoka hudondoka kwa kasi, yanachimba shimo mbele ya mabomba, na shimo hilo hurudi nyuma hadi chini ya msingi. Nimewahi kukagua makalavati yaliyokuwa imara kwa zege lakini yameanguka kwa sababu ya malori ya mchanga tu.

Ukichunguza chanzo kabla ya meneja kufika, utakuwa umesaidia kuzuia lisijengwe kalavati jipya la ukubwa uleule mahali palepale, likaondoka na masika yajayo.

---

Diwani_wa_Zamani alijibu:

Mheshimiwa Mwenyekiti, Mhandisi ameeleza vema upande wa kitaalamu. Mimi nilikuwa diwani kabla na baada ya mabadiliko ya 2017, nami nataka kuongeza upande wa vikao, kwa sababu huko ndiko mambo mengi ya barabara yanakopotelea.

Kusema kikaoni hakutoshi. Hoja isiyo katika muhtasari haipo, hata kama iliungwa mkono kwa makofi. Hatua yako ya kwanza ni kuitisha mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa utaratibu hufanyika kila baada ya miezi mitatu, au ule wa dharura, na barabara hii iwe ajenda inayojitegemea wala isiwekwe katika mengineyo. Mtendaji wa kijiji aandike azimio na idadi ya waliohudhuria. Azimio hilo liende katika Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo diwani ndiye mwenyekiti wake na mtendaji wa kata ndiye katibu. Wewe mwenyewe ni mjumbe wa kamati hiyo kwa nafasi yako, kwa hiyo huendi kuomba, unakwenda kushiriki uamuzi. Kutoka hapo diwani analipeleka katika baraza la madiwani akiwa na karatasi mkononi, na nakala inamfikia meneja wa TARURA wa wilaya na Mkuu wa Wilaya.

Mabadiliko ya 2017 yaliwauma madiwani wengi, nami nikiwa mmoja wao. Tulihisi tumenyang'anywa chombo ambacho wapiga kura wanatupimia. Mwananchi hajui na hana haja ya kujua kwamba greda haliko tena chini ya mkurugenzi. Anachojua ni kwamba alimchagua diwani na barabara haipitiki. Hata hivyo niseme kwa haki kwamba utaratibu wa zamani ulikuwa na ugonjwa wake: kila diwani alitaka kilomita mbili katika kata yake, fedha ziligawanywa vipande vipande, na mwisho wa mwaka hapakuwa na barabara hata moja iliyokamilika. Kwa hiyo simlaumu aliyebadilisha. Ninachokililia ni diwani anayetumia mabadiliko hayo kama kisingizio cha kukaa kimya. Kuondolewa kwa greda hakukumwondolea wajibu wa kukagua, kuhoji na kufuatilia.

Kuna kikao kingine ambacho viongozi wa vijiji hawakizungumzii, nacho ni Bodi ya Barabara ya Mkoa. Mwenyekiti wake ni Mkuu wa Mkoa, na wabunge pamoja na wenyeviti wa halmashauri huketi humo. Huko ndiko mapendekezo ya kupandisha hadhi ya barabara yanakopitia kabla ya kwenda kwa Waziri. Mbunge wako akiingia katika kikao hicho bila barua yenu, atazungumzia barabara ya kijiji kilichomwandikia.

Zingatia pia kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini mipango yake huandaliwa miezi mingi nyuma. Kijiji kinachopeleka maombi yake mwezi Mei kinakuta kurasa zimekwisha kujazwa. Kwa kalavati lililokatika sasa, omba kwa njia mbili kwa wakati mmoja: matengenezo ya dharura kwa mwaka huu, na ujenzi wa kudumu katika bajeti ijayo. Ukiomba la dharura peke yake utapata kifusi, na kifusi hicho kitasombwa.

---

Mwenyekiti_Korongoni alijibu:

Nawashukuru sana, wazee wangu. Mhandisi, umeniuliza kuhusu mchanga, nami nilikwenda jioni hiihii pamoja na mtendaji. Ni kweli, upande wa chini pamechimbwa kwa kina, na njia ya malori inaonekana wazi. Baadhi ya wachimbaji ni watu wa kijijini kwetu na wengine wanatoka mjini. Kijiji hupokea mchango mdogo kwa kila lori, na utaratibu huo niliukuta. Je, nina mamlaka ya kuwasimamisha?

---

Wakili_Kilombero alijibu:

Ndugu Mwenyekiti, unayo mamlaka, na katika suala la mchanga naona wajibu wako ni mzito zaidi kuliko katika suala la kalavati.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mchanga wa ujenzi nao ni madini kwa mujibu wa sheria ya madini, kwa hiyo anayeuchimba kibiashara anapaswa kuwa na leseni. Risiti ya kijiji si leseni. Halmashauri ya kijiji ni chombo chenye nafsi ya kisheria chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, na inaweza kutunga sheria ndogo, ambazo hupata nguvu baada ya kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Simamisheni uchimbaji kwa azimio la halmashauri ya kijiji leo, mwandikieni afisa mazingira wa wilaya na bodi ya maji ya bonde lenu, kisha muanze mchakato wa sheria ndogo. Najua mapato yale yanasaidia madawati au posho ya mgambo. Lakini kijiji hakiwezi kupokea fedha kwa mkono mmoja kutokana na kinacholibomoa kalavati, kikanyoosha mkono mwingine kuomba kalavati jipya.

Kuhusu kuzuia magari: mamlaka ya kuifunga barabara ya umma ni ya mamlaka ya barabara, si ya mwenyekiti. Hata hivyo sheria haikutaki utazame mtu akitumbukia. Weka kizuizi kinachoonekana pande zote mbili, umbali wa kutosha kabla ya pengo, chenye kitambaa chekundu na maandishi ya hatari, na mgambo wawepo usiku wa mvua. Saa hiyohiyo toa taarifa kwa maandishi kwa meneja wa TARURA na kituo cha polisi, na uhakikishe nakala yako imegongwa mhuri wa kupokelewa. Mhuri huo una uzito mkubwa kisheria. Ajali ikitokea kabla ya taarifa, ofisi inaweza kudai kwamba haikujua. Ikitokea baada yake, hoja hiyo imekufa. Anayekusudia kuishtaki Serikali anatakiwa kutoa notisi ya siku 90, na kesi za uzembe wa namna hii huamuliwa kwa ushahidi wa nani alijua nini na lini.

Vilevile mna haki ya kuuliza. Chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, raia anaweza kuomba kwa maandishi taarifa iliyo mikononi mwa ofisi ya umma, na ofisi inapaswa kujibu ndani ya siku 30. Ombeni kujua kama barabara imesajiliwa, imetengewa kiasi gani na ni lini ilikaguliwa mara ya mwisho. Ombeni kwa adabu na kwa swali mahususi, maana ombi lenye lawama hujibiwa kwa lawama.

Mwisho, tumieni Sheria ya Menejimenti ya Maafa ya mwaka 2022. Mkuu wa Wilaya anaongoza kamati ya maafa ya wilaya, na kijiji kilichokatika na huduma ya uzazi kina haki ya kufikishwa mezani kwake. Msiliandike kama suala la barabara peke yake. Andikeni kwamba wajawazito hawafiki hospitali.

---

Mkaazi_wa_Busia alijibu:

Nawafuatilia nikiwa Kenya, na nimeona mambo yetu hayapishani sana. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliziachia kaunti barabara za kaunti na kuibakishia serikali ya kitaifa barabara kuu. Mamlaka za kitaifa za KeNHA (barabara kuu), KURA (za mijini) na KeRRA (za vijijini) nazo zilikwishaundwa kwa Sheria ya Barabara ya Kenya ya 2007. Matokeo ni kwamba magavana na wabunge wamefikishana mahakamani kuhusu nani asimamie sehemu ya ushuru wa mafuta wa matengenezo, ambao Julai 2024 ulipandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Mwananchi hukatwa pesa hizo kila anapojaza mafuta, hali barabara yake inangoja hukumu.

Hapa kwetu hatujasahau daraja la Sigiri, Budalang'i, lililoporomoka katika mto Nzoia mwezi Juni 2017 kabla halijakamilika na kuwajeruhi wafanyakazi. Ndiyo maana nakusihi, Mwenyekiti, mkandarasi atakapofika, kijiji kiwe na kamati inayofika kazini kila siku. Si lazima muwe wahandisi ili kuhesabu mifuko ya saruji na kuona kama nondo zilizoletwa ndizo zilizowekwa.

---

Mhandisi_Mstaafu alijibu:

Naunga mkono neno la ndugu yetu wa Busia. Meneja akikuonyesha mchanganuo wa kazi, uombe nakala na uusome pamoja na kamati yako kabla kazi haijaanza.

Niliahidi kurudi kwenye magogo. Magogo na udongo juu ya mabomba yaliyobomoka yanaziba njia ndogo ya maji iliyobaki. Mvua kubwa ya kwanza itageuza kivuko hicho kuwa bwawa, na bwawa la udongo likipasuka huondoka na aliye juu yake na mashamba yaliyo chini. Zaidi ya hapo, udongo huficha gogo lililooza, na dereva huamini anachokiona. Nguvu za vijana msizipoteze. Kazi yao ya msaragambo iwe kuondoa matawi na mabaki ya mabomba kwenye mkondo, kuzibua mitaro ya barabara pande zote mbili ili maji ya barabarani yasiongezeke pale, na kukusanya mawe magumu kando ya korongo. Kwa waendao kwa miguu, muombeni fundi wa TARURA awaelekeze kivuko chembamba cha mbao juu kidogo ya mkondo, chenye kamba za kushikilia, ambacho hakimruhusu mwenye pikipiki kupita.

Mawe hayo ulizeni mapema kama yanaweza kutumika. Mkoani Kigoma TARURA imejenga madaraja ya mawe ya upinde kwa ushirikiano na shirika la maendeleo la Ubelgiji, Enabel, na gharama zake zilikuwa chini sana kuliko za zege lenye nondo, kwa kuwa mawe yalipatikana palepale na mafundi walifundishwa kutoka vijiji vya jirani. Teknolojia hiyo imekwisha kusambaa katika mikoa mingine. Korongo lenu, ikiwa lina mwamba karibu, huenda linafaa, lakini uamuzi huo ni wa mhandisi baada ya kupima mafuriko na msingi.

Na kazi itakapokwisha, TARURA ina utaratibu wa kuvipa vikundi vya kijamii kazi ndogo za kufyeka na kuzibua mifereji kwa malipo. Sajilini kikundi cha wanawake na vijana mapema, ili mtu anayeishi hatua chache kutoka kalavati ndiye awe na mkataba wa kulisafisha kila mwezi. Tuma hapa picha za mdomo wa juu na wa chini, uweke mtu asimame pembeni ili tupate kipimo, nami nitakuandikia vitu vya kumwonyesha meneja siku atakayofika.